Kutafuta Talaka ya Mama

Mama alinipigia simu siku ya kazi, saa ya chai. Aliniuliza kama nimekula, akauliza kama maji yanatoka kule Miyuji, Dodoma, ninakoishi, kisha akasema anataka kuolewa.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi. Kazi yangu ni kunakili mijadala ya wabunge: wao wanazungumza, sisi tunavaa vipokea sauti na kuandika kila neno kama lilivyotamkwa. Nimezoea kusikia mambo bila kuyajibu. Nikamwacha mama aendelee.

"Nataka kuolewa bomani," alisema. "Na fundi."

Fundi ni mshonaji nguo, Mrangi wa Kondoa, mgane. Cherehani yake imekaa kwenye baraza la duka moja pale Gulwe tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilipokwenda chuo nilimwacha akishona barazani na kulala kwake. Niliporudi likizo nilimkuta akishona barazani na kulala kwetu. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Yeye ni Mwislamu asiyekosa swala, mama ni Mwanglikana wa kuzaliwa anayeimba kwaya ya akina mama. Ijumaa mama humpigia pasi kanzu. Jumapili fundi huchota maji mapema ili mama asichelewe ibada. Hakuna aliyetaka kumhamisha mwenzake dini, kwa hiyo hawakuona haja ya kumsumbua sheikh wala mchungaji.

Haja ilikuja hospitalini. Fundi alibanwa na ugonjwa wa ngiri akiwa shambani, akapakiwa kwenye bajaji hali amejikunja, na daktari akasema lazima apasuliwe. Muuguzi alileta fomu ya kuridhia upasuaji. Fundi hakuwa na nguvu ya kushika kalamu, hivyo muuguzi akamgeukia mama na kumuuliza, "Mama, wewe ni nani wake?"

Mama akasema, "Naishi naye."

Kwa maelezo ya mama mwenyewe, yule muuguzi hakuwa mkorofi. Alisema tu kwamba anahitaji mke au ndugu. Wakamsubiri mdogo wake fundi atoke Kondoa, akatia saini, fundi akapasuliwa na akapona. Lakini katika muda wote wa kusubiri, mama alikaa kwenye benchi la wodi.

"Kama mtu aliyemleta jirani," aliniambia kwenye simu. Hakulia. Mama hana tabia ya kulia kwenye simu, anasema ni kupoteza vocha.

Fundi alipoanza kutembea, walikwenda wote wawili bomani, kwenye ofisi ya wilaya, kuuliza utaratibu. Ofisa akamuuliza mama kama amewahi kuolewa. Mama akasema amewahi, tena kanisani. Akaulizwa kama mume amefariki. Akasema mume yupo, anafuga mbuzi Ihumwa, ila waliachana mahakamani. Ofisa akasema vizuri, alete hati ya talaka.

"Na wewe hukupewa karatasi yoyote?" nilimuuliza.

"Hakimu alitamka, tukainuka, nikarudi shamba. Ulikuwa wakati wa palizi. Ningekaa kusubiri karatasi, majani yangemaliza karanga."

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la kwenda Mpwapwa kwa njia ya Kongwa.

Mahakama ya mwanzo iliyosikiliza shauri la wazazi wangu ni jengo fupi la bati, lenye mabenchi ya saruji kando ya ukuta wa nje. Siku ile palikuwa na watu waliokuja kwa kesi ya mbuzi waliokula uwele wa jirani. Mwenye mbuzi na mwenye uwele walikuwa wamekaa benchi moja wakigawana muwa. Niliingia kwa karani. Alikuwa mwanaume wa makamo aliyevaa sweta lisilo na mikono ingawa joto lilikuwa kali. Nilimweleza ninachotafuta. Akasema niandike barua ya kuomba nakala ya hukumu, nitaje majina ya wadaawa, yaani baba na mama, nitaje mwaka, na kama ninayo, namba ya shauri.

Majina nilikuwa nayo. Mwaka sikuwa nao, sembuse namba. Nilimpigia mama nikiwa nimesimama palepale dirishani.

"Ni mwaka ule karanga zilioza," alisema.

"Mama, si umesema hukumu ilitoka wakati wa palizi?"

"Ndiyo. Nilipalilia, halafu mvua haikukatika, zikaoza. Nilipalilia bure."

Nilipomfikishia karani jibu hilo hakucheka. Aliniuliza mimi nilikuwa darasa la ngapi wakati baba yangu alipoacha kabisa kuja nyumbani. Nikasema la tano, au la sita. Nakumbuka nilivaa sare iliyokatwa kutoka kwenye shati lake la kazi, na kwamba nilipokwenda mtihani wa darasa la saba sare ile ilikuwa imenibana. Kwa kukisia hivyo tulipata miaka michache ya kupekua. Tulifungua rejista za zamani, mimi nikisoma upande wangu wa meza na yeye upande wake. Zilijaa mashauri ya mipaka, ya madeni, ya ng'ombe na ya mahari. Jina la mama lilipotokea nililipita, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vibaya. Karani ndiye aliyerudi nyuma akaliwekea kidole. Mwisho wa mstari ule, kwenye safu ya matokeo, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: Ndoa imevunjwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Karani akachukua ufunguo, akaenda masjala kutafuta jalada lenyewe. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amebeba boksi, na alipoliweka mezani udongo mwekundu ulimwagika pembeni. Majalada ya kipindi kile yalikuwa yameliwa na mchwa kabla mahakama haijahamia jengo hilo. Yaliyosalia yalikuwa magamba ya juu tu, makavu na yenye matobo, na la kwetu halikuwemo hata hilo gamba.

"Pole, dada," alisema. "Twende kwa mheshimiwa."

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na alivivaa nilipoingia. Alisoma barua yangu, akaitazama rejista, kisha akazungumza polepole kama mtu anayejua kwamba atalazimika kurudia. Rejista ilithibitisha kwamba shauri lilikuwepo na lilivyoisha. Lakini asingeweza kunipa nakala ya hukumu isiyokuwepo. Jalada lililopotea huweza kujengwa upya: yeyote mwenye nakala ailete, na kama hakuna, wadaawa waje wote wawili waape mbele yake waeleze kilichoamuliwa. Hapo atatoa amri, na amri hiyo itapata muhuri.

"Mama yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Na baba?"

"Yupo Ihumwa."

"Atakuja?"

Nilisema sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli. Akamwagiza karani aandike hati ya wito kwa kila mmoja, akanipa nizipeleke. Ya mama niliipeleka jioni ile ile Gulwe. Aliisoma mara mbili, akaichomeka katikati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, akarudi jikoni kusonga ugali.

Baba alikuwa kibarua wa njia ya reli. Alikuwa kwenye genge la wale wanaokaza mataruma ya reli na kuzibua makalvati, mifereji ya chini ya njia, baada ya mafuriko, na genge lilihamishwa kutoka stesheni hadi stesheni. Mwanzoni alirudi Gulwe kila mwisho wa mwezi, akiwa na sukari na sabuni za mche. Baadaye alirudi sikukuu. Baadaye zilikuja sabuni peke yake, kwa mkono wa mtu mwingine. Tulikuja kusikia kwamba ana nyumba na mwanamke upande wa Dodoma. Nilipohamia mjini kikazi nilianza kumtembelea Krismasi na anapougua. Tunazungumza habari za mvua na za mbuzi. Sina kinyongo naye. Tuseme sijawahi kukaa naye muda wa kutosha kukikuza.

Nilifika Ihumwa Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani. Mkewe, ambaye ninamwita mama mdogo, alikuwa anapepeta uwele kwa ungo, na makapi yalipeperushwa na ule upepo usiokwisha hadi kwenye suruali ya baba. Hakuhama.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anataka kuolewa."

Baba alikung'uta makapi kwa mara ya kwanza. "Na nani?"

"Na fundi."

"Yule Mrangi?"

"Ndiye."

"Aliwahi kunishonea suruali," baba alisema baada ya kufikiri. "Anajua kukata."

Nilimkabidhi hati ya wito na kumweleza habari ya jalada na mchwa. Aliishika mbali na macho, akaisoma kwa kunong'ona, akaikunja na kuiweka juu ya goti.

"Mimi sikumwacha mama yako," alisema. "Nilikwenda pale nikamwambia hakimu sitaki talaka. Hakimu akaitoa. Sasa nirudi nikaape nini? Niape kwamba nilishindwa?"

"Utaulizwa tu kama ilitolewa."

"Hao waliotoa waulize mchwa wao."

Kwa kawaida mazungumzo yetu hufikia mahali kama hapo, kisha mmoja wetu huuliza habari za mbuzi. Nilikuwa najiandaa kuuliza. Lakini sauti ya ungo ilikuwa imekoma. Mama mdogo alikuwa ameuweka chini.

"Na mimi?" alisema.

"Wewe nini?"

"Kama hukuachana na yule, mimi hapa nimekaa kwa nani?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Ni hayo hayo." Hakupandisha sauti. "Nimekuzalia. Mama yako nimemuuguza humu ndani mpaka nikamfunga kidevu. Kila nikikuambia twende tukafunge ndoa, unaniambia karatasi za talaka anazo yule mwanamke, amezikalia, hataki kuzitoa. Miaka yote namchukia mtu kwa ajili ya karatasi. Leo mtoto wake amekuja hapa anasema mama yake karatasi hana, hajapata kuwa nayo. Sasa niambie wewe zipo wapi."

Baba alitazama upande wa reli. Hakukuwa na treni yoyote.

Mama mdogo aliichukua ile hati kutoka kwenye goti lake, akaipangusa, akanigeukia. "Siku ikibadilika nipigie mimi. Usimpigie yeye."

Kisha akanipa chai na maboga ya kuchemsha, na baba akaniuliza kama mvua zimefika Miyuji.

Siku ya shauri nilikwenda na wasiwasi kwamba nitawakuta mama na fundi peke yao. Walikuwepo tayari. Fundi alikuwa amevaa suti ya rangi ya majivu aliyojishonea, na alitembea ameshika ubavu kama aliyebeba yai chini ya koti. Mama alivaa gauni la kwaya na kufunga kilemba. Basi lilipopita barabarani, mama alinyoosha shingo, kisha akajifanya anatengeneza kilemba.

Lililofuata lilisimama, wakashuka wawili. Baba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama kama ya karatasi, na mama mdogo alimfuata nyuma kwa hatua chache, kama mtu anayeswaga.

Nilikuwa sijawahi kuwaona baba na mama mahali pamoja tangu utoto. Nilikuwa nimewaza kwamba kitatokea kitu, sijui kitu gani. Mama aliinuka, akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nao wakaitikia. Akawasogelezea nafasi kwenye benchi. Mama mdogo akakaa kando yake. Nikasikia mama mdogo akisema taratibu, "Dada, nimekuwa nikikusema vibaya." Mama akamjibu, "Kama ni kwa ajili ya zile karatasi, mwanangu ameniambia. Kunywa maji, safari ni ndefu."

Baba alibaki amesimama. Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa fundi. Akakaa hapo.

"Unaendeleaje na kidonda?" baba aliuliza.

"Namshukuru Mungu, kaka. Kimefunga. Ila sijaruhusiwa kunyanyua vitu."

"Usinyanyue. Mwenzetu mmoja wa genge alinyanyua taruma kabla ya siku zake. Kilifumuka."

Waliendelea hivyo, habari za vidonda, mpaka tulipoitwa.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya chokaa. Mama aliapa akiwa ameshika Biblia na kusema kwa sauti ya kwaya, kubwa kuliko chumba. Alisimulia kwa ufupi: walioana kanisani Gulwe, mume akahamishwa na kazi, akaacha kurudi, akaacha kutuma, yeye akaenda baraza la kata, baraza likashindwa kuwasuluhisha, akaja hapa, hakimu aliyekuwepo akavunja ndoa. Hapakuwa na mali ya kugawana isipokuwa nyumba ya tembe, na nyumba ikabaki kwake na watoto. Hakimu aliandika. Kisha akaitwa baba.

"Mzee, unamfahamu huyu mama?"

"Namfahamu."

"Alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa mke wangu."

"Ni kweli kwamba mahakama hii ilivunja ndoa yenu?"

Baba alilainisha mkunjo wa shati lake. Mama mdogo, aliyekuwa nyuma yangu, alikohoa.

"Ni kweli," baba alisema.

"Una nakala ya hukumu?"

"Sina. Sikuichukua."

"Una la kuongeza?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kufungia. Hakimu alikuwa ameshaanza kufunika kalamu.

"Ninalo," baba alisema. "Siku ile nilipoulizwa kwa nini sirudi nyumbani, nilijibu kwamba huyu mama hanipikii. Nilisema nikifika ananinyima chakula. Haikuwa kweli. Alikuwa anapika. Mimi ndiye sikuwepo kula."

Niliyajua maneno yale. Nilikua nayo. Shangazi zangu waliyasema kisimani, watoto wao wakayasema shuleni, na kuna kipindi, nikiwa darasa la sita au la saba, nilikuwa nikimtazama mama akikoroga mlenda na kujiuliza ni lini hasa alimnyima baba. Sikuwahi kumuuliza. Yeye naye hakuwahi kujitetea mbele yangu, na nilikuwa nimechukulia kimya kile kuwa ni kukubali. Sasa, katika chumba kile cha chokaa, nilimsikia mwenye maneno akiyarudisha kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya kiatu. Nilihisi uchovu tu.

Hakimu alikuwa amesitisha kalamu hewani. "Mzee, hayo hayabadilishi hukumu. Hapa tunathibitisha tu kwamba ilitolewa. Sitayaandika."

"Sikuomba uyaandike," baba alisema.

Mama akasema kitu kwa Kigogo bila kuruhusiwa. Karani akamwonya kwamba mahakamani tunazungumza Kiswahili, na akamtaka arudie ili kila mtu aelewe.

"Nimesema ana kiu, ameungua na jua barabarani," mama alisema. "Apewe maji."

Alipewa. Aliyanywa yote amesimama, akarudisha kikombe kwa karani kwa mikono miwili.

Hapakuwa na zaidi. Hakimu alisema ataandika amri ya kujenga upya jalada na kuthibitisha kwamba ndoa ilivunjwa, na kwamba tutapigiwa simu nakala ikiwa tayari. Tulitoka nje. Nilitarajia wangeachana pale mlangoni, lakini basi la kurudi lilikuwa halijafika, kwa hiyo tulikwenda wote watano kwenye mgahawa mkabala na mahakama tukala wali na maharage. Fundi aliombea chakula kimoyomoyo, mama akaomba kwa sauti, baba akaanza kula kabla ya wote wawili hawajamaliza. Mama mdogo alimsimulia mama jinsi mbuzi wanavyokufa Ihumwa kwa kula mifuko ya plastiki. Basi lilipokuja baba alimpa fundi mkono, akamtazama mama, akasema, "Haya." Mama akasema, "Haya, mfike salama."

Njiani kuelekea Gulwe nilimuuliza mama kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba ule ulikuwa uongo.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unakula kwangu kila siku."

Fundi, aliyekuwa kiti cha mbele yetu, alikuwa amesinzia na koti lake la suti limekunjwa vizuri mapajani, ndani nje, lisichafuke.

Nakala ilipotoka, jina la mama lilikuwa limeandikwa kama lilivyokuwa kwenye rejista, yaani vibaya. Nilikwenda tena, wakasahihisha, hakimu akatia saini upya. Kisha nikaipeleka kwenye ofisi ya usajili mjini, nikalipia ada, nikaambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa mtandao uko chini, nikarudi tena. Siku niliyopewa hati ya talaka palikuwa na vijana wawili kwenye foleni nyuma yangu waliokuja kwa cheti cha ndoa, msichana amejichora hina, na aliniuliza kwa furaha kama na mimi nimefuata cheti. Nilimwambia ni cha mama yangu. Akasema, "Hongera zake." Nikaitikia asante.

Tangazo la ndoa lilibandikwa bomani kwa muda unaotakiwa na hakuna aliyeweka pingamizi. Waliooana asubuhi ile walikuwa wengi, hivyo mama na fundi walisubiri nje kwenye foleni pamoja na wanajeshi na wanafunzi wa chuo. Mama alivaa gauni alilolishona fundi, la kijani, lenye mikono mirefu. Alikuwa amelijaribu mara nyingi na fundi alikuwa amelifumua mara nyingi. Ofisa aliyewafungisha ni yule yule aliyemrudisha. Alimuuliza mama kama anaolewa kwa hiari yake, na mama akajibu kwa sauti ile ya kwaya hadi watu wa nje wakacheka. Mdogo wake fundi alikuwa shahidi wa upande mmoja, mimi wa upande mwingine. Tulikula pilau iliyopikwa na majirani wa Kiislamu na ugali wa uwele uliopikwa na akina mama wa kwaya, na watu walikula vyote viwili bila kuchagua.

Baba hakuja. Alituma mbuzi jike, mwenye mimba, aliyefungwa kwenye keria ya bodaboda kutoka stendi, na mama akakataa katakata achinjwe. Aliungana na mbuzi wa pale nyumbani.

Kiasi cha mwezi baadaye mama mdogo alinipigia. Alinisalimia kwa urefu, akauliza hali ya kazi, akauliza kama bibi harusi hajambo. Kisha akasema angependa kupata nakala ya ile hati, kama si usumbufu, nakala tu ya kawaida iliyogongwa muhuri wa wakili.

"Baba amekubali?" niliuliza.

"Anafikiri."

"Amefikiri tangu lini?"

"Mwache afikiri. Mimi nataka karatasi iwe ndani ya nyumba."

Niliitoa nakala kwenye duka la steshenari karibu na ofisi, nikaigongesha muhuri, na Jumamosi nikaipeleka Ihumwa mwenyewe. Baba alikuwa uani kwenye kiti cha kamba. Mama mdogo aliipokea, akaisoma yote, akaingia nayo ndani. Baba aliniuliza imeandikwaje. Nikamwambia imeandikwa kwamba ndoa ilivunjwa.

"Basi?"

"Basi."

Alitikisa kichwa, akaniambia nisogeze kiti kivulini. Tulikaa hapo hadi mama mdogo akatoka na chai, na walipoanza kubishana ni mbuzi yupi wa kuuza kabla ya kiangazi, nilichukua kikombe changu na kusikiliza.

Walifunga ndoa msimu wa mavuno uliofuata, bomani, Dodoma mjini. Nilipigiwa simu asubuhi ile ile, nikiwa kazini na vipokea sauti masikioni, na sikuruhusiwa kutoka. Mama ndiye aliyekuwa shahidi wa mama mdogo.